Ngozi ya Makubadhi

Mimi nashona viatu. Jazi siijui.
Naijua ngozi: ipi itanyooka, ipi itakatika,
ipi imekunywa jasho la mtu hata ikachukua tabia yake.
Ndiyo maana Mbeyu wa Kahindi alipofika kibandani kwangu, Maweni,
na saksafoni kaifunga kwenye shuka ya kitanda,
sikumwambia, "Mwanangu, umepotea njia."

Iliachwa na Mtaliano mmoja
hoteli ilipofungwa, mishahara ikabaki deni.
Mamake Mbeyu alifua mashuka pale miaka tisa.
Wenzake walibeba mafriji, magodoro, feni.
Yeye akachukua hiki chuma kilichopinda shingo
kwa sababu, alisema, hakikuhitaji mkokoteni.

Kifuniko kimoja hakikuziba. Mtoto akanionyesha:
palipokuwa na ngozi, pana kutu.
Akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyebanwa na mlango.
Nikakata duara kwenye makubadhi ya zamani
ambayo mwenyewe hakurudi kuyachukua tangu mwaka wa mafuriko,
nikaipara kwa wembe hadi ikawa ganda la kitunguu,
nikaibandika kwa gundi ya soli.
Nilisema hamsini. Alikuwa na thelathini.

Hiyo ni miaka minne.
Sasa sura yake imebandikwa kwenye nguzo za stima,
redio ya Mombasa inalitamka jina lake vibaya,
na Nairobi, wanasema, wanamtaka mwezi wa sita.
Jumamosi usiku nikaenda, nikasimama upande wa jikoni,
maana mlango wa mbele una bei.

Wako wanne. Lali kwenye piano, shati kachomeka nusu.
Dzombo kaikumbatia besi kama anaizuia isiondoke.
Ngoma ni za Shukuri, yule anayeuza vipuri vya bodaboda mchana.
Na Mbeyu, gauni la kijani, miguu peku.

Wakaanza kama watu sokoni:
Lali anataja bei, Dzombo anapunguza,
Shukuri anacheka pembeni,
Mbeyu anageuka, anaondoka, hataki tena,
anaitwa,
haitiki,
anaitwa,
anarudi na bei yake mwenyewe.

Wengine walisikia muziki. Mimi niliisubiri ngozi yangu.
Kila kidole chake kikishuka, naomba: shika, shika.
Wimbo wa tatu, juu kabisa, ikaachia.
Kwi!
Mpishi akaguna. Meza ya mbele wakatazamana.
Mimi nikatazama ndoo ya maganda ya kamba.

Mbeyu akanyamaza.
Kisha akairudia ile sauti, polepole,
kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake
akalijaribu mdomoni kuona kama litamfaa.
Kwi. Akangoja. Kwi-kwi.
Shukuri akamjibu kwenye ukingo wa ngoma: tak.
Besi ikajongea chini yake, ikamwekea ngazi,
na kile kilio cha kiatu cha mtu asiyerudi
kikapanda, kikapanda,
Lali kainua mikono yote miwili asiguse kitu,
na jikoni vitunguu vikaungua,
na hakuna aliyegombezwa.

Nilirudi kwa miguu hadi Maweni.
Tuktuk tatu zilinipigia honi. Sikumbuki nilijibu nini.

Jumatatu asubuhi huyo hapo,
saksafoni mgongoni, sandali moja mkononi, gidamu imekatika.
Sandali sikuigusa. Nikanyoosha mkono kwenye saksafoni.
"Ile ngozi," nikasema, "ninayo nyingine. Mpya. Haitakuaibisha."
Akageuza mgongo ukutani, akaificha.
"Hiyo iache ilivyo," akasema. "Shona gidamu."

Akaketi juu ya debe kusubiri,
kisigino kitupu kikigonga vumbi:
moja, mbili, tatu,
na la nne linachelewa.